Zamu ya Alhamisi

Jumapili ya pili ya Oktoba 1988, baada ya ibada na baada ya chakula, Evaline alifuta meza kwa kitambaa kibichi, akaifuta tena kwa kikavu, akaketi kuijaza fomu ya mumewe. Yeye ndiye mwenye mwandiko katika nyumba ile. Aliishia darasa la nne tu, lakini walimu wa misheni wa wakati huo waliwachapa watoto vidole mpaka herufi zikanyooka, na za kwake hazikupinda tena.

Mumewe, Eliufoo, alikuwa kizingitini akisugua viatu vya gofu. Kiwi ilikuwa haionekani madukani, kwa hiyo alitumia masizi ya sufuria na tone la mafuta ya kupikia, na tone lenyewe Evaline alilipima kwa kifuniko cha chupa.

"Klabu moja haikutoshi, Baba Asheri?" Evaline aliuliza, kalamu ikiwa bado hewani.

"Hiyo ya hapa ni klabu? Ni malisho ya mbuzi."

Hapo hakudanganya. Klabu ya shamba la mkonge ilikuwa na mashimo tisa, yaliyochimbwa na mameneja wa Kizungu enzi za ukoloni kwenye nyika iliyo chini ya Kisiwani. Nyasi zilikufa siku nyingi. Kuzunguka kila shimo, mahali palipotakiwa kuwa na majani, ulimwagwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ya korona, ile mashine ya kukamua mkonge, na mchezaji alitoka pale na soli nyeusi. Wanachama walibaki watatu: Eliufoo, aliyekuwa meneja msaidizi wa shamba, bwana mganga wa zahanati, na Bwana Pinto, karani mkuu wa zamani, aliyefariki mwaka 1981 lakini hakuacha kuja kila Jumamosi saa kumi. Bwana Pinto alicheza vizuri kuliko alipokuwa hai. Ila kwenye mikutano hakuhesabiwa katika akidi, kwa sababu hakuweza kutia sahihi.

Klabu ya pili iliitwa Klabu ya Mikaratusi. Ilikuwa mbali, upande wa Moshi, na ilikuwa na majani.

"Huko," alisema Eliufoo, "ndiko wanakocheza hao wanaotaka kulinunua shamba. Wakishalinunua watapunguza watu. Unafikiri watampunguza nani? Yule waliyemwona kwenye karatasi, au yule waliyekunywa naye soda?"

Mwaka ule neno kupunguza lilikuwa limeingia kila nyumba. Zamani lilikuwa neno la chumvi kwenye mchuzi. Sasa lilikuwa la watu.

"Kiingilio chake ni mishahara yako minne."

"Ndama tumeshamuuza, Mama Asheri. Andika."

Evaline alijua kwamba ndama ameuzwa, maana yeye ndiye aliyemfunga kamba. Akaandika. Jina, kazi, sanduku la posta, wadhamini wawili. Fomu ilikuwa ya Kiswahili, imepigwa taipu na katibu wa klabu, Bwana Wilbard, mtu asiyependa kuchanganya lugha. Kipengele cha saba kilisema: Zamu ya mwanachama, siku na saa.

"Hapa wanataka zamu."

"Weka ile yetu ya siku zote," alijibu Eliufoo, akipulizia kiatu.

Evaline alizaliwa Bombo, juu mlimani, akaolewa Bombo hiyohiyo. Kule neno zamu lina maana moja. Juu ya kijiji kuna ndiva, bwawa la udongo ambalo mababu walilichimba ili maji ya chemchemi yajikusanye usiku, na kila ukoo una siku yake ya kuzibuliwa maji hayo na kuyaelekeza shambani. Siku hiyo ndiyo zamu. Mtoto huijua kabla ya kuijua siku yake ya kuzaliwa. Zamu ya ukoo wa Eliufoo ilikuwa Alhamisi, na miaka sita ya mwanzo ya ndoa yake Evaline aliyasubiri maji kila Alhamisi kwenye umande, jembe begani. Akaandika: Alhamisi, alfajiri hadi saa nne asubuhi.

Kipengele cha nane hakikuuliza kitu. Kilisema tu kwamba zamu ambayo mwanachama mwenyewe haitumii itakuwa mali ya klabu. Evaline alikisoma mara mbili. Akawaza kwamba Eliufoo hajapanda mlima kumwagilia tangu alipopata kazi ya ofisini, na kwamba anayeitumia zamu ni dada yake, Elirehema, mjane aliyerudi kulima shamba la baba yao. Aliwaza hayo vizuri kabisa, kwa muda wa kutosha. Kisha chai ikafurika, akaenda kuipua. Aliporudi, Eliufoo alikuwa ameshatia sahihi bila kusoma.

Fomu ilikubaliwa mwishoni mwa mwezi.

Alhamisi iliyofuata, Mzee Hezroni, msimamizi wa ndiva, alizibua tundu kabla jua halijachomoza, kama ilivyo desturi. Maji yakashuka mferejini, yakapita shamba la kwanza na la pili, yakafika kwenye jiwe la mpaka wa Elirehema. Elirehema alikuwa ameshayafungulia njia kwa jembe. Maji hayakuingia. Yalisimama kidogo penye jiwe, yakavimba kama mtu anayevuta pumzi, kisha yakaupita mlango wa shamba, yakatoka mferejini na kushika njia ya kushuka Maore.

"Yanakwenda wapi hayo?" Elirehema aliuliza.

"Zamu si ya kwenu?" Mzee Hezroni akamjibu. "Ninyi ndio wa kujua."

Maji yalifika chini Maore, yakaingia barabara ya vumbi na kufuata upande wa kushoto, kama sheria ya barabarani inavyotaka. Hayakuwa mengi: upana wa kanga mbili zilizotandikwa, kina cha kifundo cha mguu. Saa tano asubuhi yalipita mbele ya nyumba za shamba la mkonge. Evaline alikuwa akianika nguo. Aliyatambua kabla hayajamfikia, kwa wekundu wa udongo wake na kwa harufu ya tope la ndiva, ambayo mtu aliyelizoa kwa mikono hawezi kuichanganya na nyingine. Katikati yake waliogelea viluwiluwi.

Jirani yake, Mwamvita, mke wa fundi wa korona aliyehamia pale kutoka Kilosa, alisogeza jiko lake la vitumbua ili yapate kupita.

"Mama Asheri, maji haya si ya huko kwenu mlimani?"

"Yanafanana."

"Basi yamepotea njia. Au nayo yamepunguzwa kazi?" Mwamvita akacheka mpaka akashika kiuno.

Evaline naye alicheka. Akaendelea kuanika, ingawa kwenye beseni hakukuwa na nguo tena.

Same, kwenye kituo cha mabasi, wachuuzi waliinua matenga yao ya vitunguu, maji yakapita, wakayashusha. Kwenye kizuizi cha mazao askari aliyasimamisha akayaomba kibali. Hayakuwa nacho. Akayakagua, akaona si mahindi wala maharage, akainua mti. Yalilala Mwanga, nje ya gulio, na Ijumaa saa nne yakaingia Klabu ya Mikaratusi kwa lango la wanachama.

Jumamosi jioni Eliufoo alirudi kutoka huko na kilo mbili za sukari, mche wa sabuni, na uso wa mtu aliyepewa kiti cha mbele.

"Wilbard amenishika mkono mbele ya watu," alisema. "Anasema tangu klabu ianze, hakuna mwanachama ambaye zamu yake ilifika kabla ya mwenyewe."

"Zamu gani?" Evaline aliuliza. Alikuwa anajua.

Eliufoo akatoa nakala ya fomu mfukoni, akaisoma kwa mara ya kwanza. Alicheka kidogo. Halafu akaacha.

"Umeandika zamu ya maji."

"Uliniambia niweke yetu ya siku zote."

"Ya kucheza, Evaline! Jumamosi saa kumi. Zamu ya kupiga mpira."

"Mpira nao una zamu?"

Eliufoo aliikunja fomu, akaikunjua, akaikunja tena. Alisema kwamba kosa ni dogo, Jumamosi ijayo atakwenda kulifuta. Evaline alisema ni vizuri. Wakanywa chai. Ilikuwa na sukari, kwa mara ya kwanza tangu Agosti, na kila mmoja alikoroga kwa muda mrefu bila kumtazama mwenzake.

Jumamosi iliyofuata hakulifuta. Wanunuzi walikuwepo. Pale maji yalipoishia, kwenye shimo la nne, nyasi zilikuwa zimeota laini kama manyoya ya kifaranga, na mkubwa wa wanunuzi alivua viatu na soksi akazikanyaga kwa nyayo tupu. Akauliza ni za nani. Wakamwonyesha Eliufoo.

"Akaniuliza kazi yangu," Eliufoo alisimulia. "Akaniuliza jina langu mara mbili, akalirudia mpaka akalipata. Sasa nimwambie nini? Kwamba hizo nyasi ni za dada yangu?"

"Ndiyo ungemwambia."

"Subiri shamba liuzwe kwanza. Ni miezi mitatu."

"Na Elirehema?"

"Elirehema ana Mungu."

"Na wewe huna?"

Eliufoo aliingia chumbani akaanza kusafisha fimbo zake moja moja. Evaline alikaa mezani akijiuliza kama klabu hiyo ya pili ina thamani ya gharama yake, na alipofika mahali pa kujibu alisimama akaenda kuwafungia kuku.

Toka hapo maji yalipita kila Alhamisi saa tano. Evaline alianza kufunga dirisha la upande wa barabara siku hiyo, akisema vumbi limezidi. Lakini maji yana sauti, na dirisha la bati halizuii sauti. Kanisani alibadilisha kiti. Yeye aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza na kukaa mstari wa mbele alihamia nyuma, karibu na mlango, na siku za Meza ya Bwana alitoka nje kabla ya wakati, akisema ana kichwa. Mwinjilisti alimwuliza kama amepimwa malaria.

Katikati ya Desemba, Alhamisi moja, kishindo cha maji kilipofika mbele ya nyumba kulikuwa na hatua za mtu ndani yake. Evaline akafungua mlango. Alikuwa Elirehema, miguu mitupu, kanga imefungwa kifuani, amebeba kifurushi kidogo.

"Hodi hapa. Wifi, nimeyafuata," alisema. "Nimetembea nayo tangu alfajiri. Nilitaka nione yanakokwenda, lakini miguu imenishinda hapa kwako."

"Karibu, wifi. Karibu ndani, pole na safari."

Elirehema aliyatazama maji yakikata kona kuelekea Same, kama mtu anayeliangalia basi lililomwacha. Kisha akaingia, akakabidhi kifurushi. Yalikuwa maharage, viganja viwili, madogo, yamekunjamana.

"Ndiyo mavuno yenyewe," alisema. "Nisingeweza kuja mikono mitupu kwa kaka yangu."

Evaline aliyapokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Akachemsha chai, akatia vijiko viwili vya sukari.

"Sukari!" Elirehema alionja, akafumba macho. "Ninyi mmebarikiwa. Hivi, wifi, kaka hawezi kuuliza huko maofisini? Yeye anajua wakubwa. Huenda kuna mradi, wameyachukua kwa makosa."

"Atauliza."

"Maana Mzee Hezroni ameshanionya. Shamba lisilopata maji msimu mzima hutolewa kwenye mstari wa zamu. Si yeye, ni taratibu, hata babu yake zilimkuta. Mwezi wa kwanza kuna msaragambo wa kuzoa tope, watu wote watakuwepo, na baada ya kazi wataamua. Likitolewa, wifi, mimi nina nini tena? Mteremko wa mawe."

"Na hakuna njia?"

"Ipo, ni nyepesi kabisa. Anasema kama kuna mtu aliyeitoa zamu, asimame pale penye ndiva aseme kwa mdomo wake kwamba ameitoa na sasa anairudisha. Itarudi siku hiyohiyo. Anasema maji hayana kinyongo." Elirehema alikung'uta vumbi kwenye unyayo. "Lakini nani aliyeitoa? Mimi sijaitoa. Kaka hajafika tangu msiba wa baba. Ndiyo maana nasema ni serikali."

Evaline alikuwa amekaa karibu naye kiasi cha kusikia tumbo lake likinguruma. Neno lilimjia mpaka kwenye meno. Akasema, "Ongeza sukari, wifi."

"Nitaharibu."

"Ongeza."

Elirehema aliongeza kijiko cha tatu. Alilala siku mbili, akaondoka na nusu kilo ya sukari na kipande cha sabuni, na njia nzima ya kwenda kupanda basi alikuwa akimwombea wifi yake baraka kwa sauti.

Siku moja kabla ya msaragambo, Evaline alimwambia mumewe kwamba anapanda mlima.

"Ukaseme nini?"

"Lililopo."

Eliufoo aliweka kijiko chini. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Wametoa orodha ya kwanza," alisema. "Watu mia nne na kumi. Jina langu halimo. Mganga yumo, mume wa Mwamvita yumo. Mimi simo kwa sababu ya lile shimo la nne, hilo wewe unalijua na mimi nalijua. Maji yakikosekana Ijumaa, Jumatatu jina litaongezwa. Asheri yuko kidato cha tatu. Sikukatazi, Mama Asheri. Nenda kaseme."

Alfajiri ya msaragambo baragumu lilisikika kutoka kilimani, na watu wa Bombo wakatoka kila nyumba na majembe, makarai na mabeseni. Ndiva ilikuwa imekaushwa. Wanaume walishuka chini kukata tope, wanawake wakapanga mstari wa kulipokezana mpaka juu ya ukingo. Evaline alivua viatu akaingia mstarini, karibu na Elirehema.

"Jamani, mama wa ofisini!" mmoja akapiga kelele. "Kesho utaweza kushika kalamu kweli?"

"Mwacheni," akasema Elirehema. "Huyu alikuwa akizoa tope hili ninyi mkinyonya."

Wakacheka, na Evaline akacheka nao. Alifanya kazi bila kupumzika. Alipoambiwa anywe uji alisema bado. Alichagua makarai yaliyojaa zaidi. Kufikia saa sita viganja vyake vilikuwa vimechubuka, na alifurahi kuviona vimechubuka, kisha akaona aibu kwa kufurahi.

Kazi ilipokwisha, watu walikaa juu ya ukingo na Mzee Hezroni akasimama. Alikuwa mtu mfupi mwenye koti la mvua, hata siku ya jua. Alitaja waliokosa kufika na faini zao. Kisha akasema, "Zamu ya Alhamisi. Msimu mzima haikuingia shambani. Mnayaona maji yanavyoondoka. Mimi siwezi kuacha jina kwenye mstari na maji hayaingii, wengine watauliza. Kuna mwenye neno kabla sijalitoa?"

Elirehema alikuwa akitazama magoti yake.

Evaline akasimama. Watu wote wakamgeukia, na tope likamdondoka kwenye vidole, tone, tone.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba, mama. Sema."

"Naomba..." Evaline alisema, akaishia hapo.

Mzee Hezroni alisubiri. Alimjua Evaline tangu akiwa msichana wa kwaya, na alijua kwamba mtu wa namna ile anaposema naomba mbele ya watu anataka nini.

"Ni kweli," alisema. "Tumesahau. Jambo kama hili haliamuliwi bila maombi. Wanaume, vueni kofia. Mama atatuongoza."

Kofia zikavuliwa. Vichwa vikainama, cha Elirehema kwanza. Evaline alisimama pale mdomo ukiwa wazi, na mbele yake kulikuwa na watu mia na zaidi waliofumba macho. Ilikuwa rahisi. Hakulazimika kuchagua, mlango ulikuwa umefunguliwa na mwingine.

Akaomba. Aliomba kwa muda mrefu na kwa maneno mazuri. Aliombea mvua za masika, watoto walio shuleni, wagonjwa, wajane wote na hasa mjane aliyeketi hapo. Aliomba Bwana awasamehe wale wanaojua na wasiseme. Aliposema hivyo wengi waliitikia kwa sauti, kila mmoja akifikiria jirani yake. Aliomba mpaka akaishiwa na vitu vya kuombea, naye akaendelea kidogo, kwa sababu baada ya amina ingebidi jambo litendeke.

"Amina," watu walisema.

Elirehema alikuwa analia. Alimshika Evaline mkono wenye malengelenge akaubusu. "Hakuna aliyewahi kuniombea hivyo," alisema.

Mzee Hezroni alivaa kofia yake, akashuka mpaka kwenye jiwe la mpaka, akalibinua kwa mtaimbo, upande uliokuwa chini ukaja juu. Siku ya Alhamisi akaifuta kwenye mstari. Hakuna aliyepewa siku ile, maana hakuna aliyeitaka siku ambayo maji husafiri.

Shamba la mkonge liliuzwa mwezi wa pili. Watu mia nne na kumi walipunguzwa kwa siku tatu. Mwamvita na mumewe walipandisha kitanda chao kwenye lori la kwenda Kilosa, na Mwamvita alimwachia Evaline jiko la vitumbua, akisema huko waendako hajui kama kuna wateja. Eliufoo alipewa ofisi yenye feni. Uwanja wa gofu wa zamani ulilimwa kwa trekta ukapandwa mkonge mpya. Bwana Pinto aliendelea kuja Jumamosi tatu, akasimama kwenye matuta na fimbo yake, kisha naye akaacha.

Elirehema alishuka kuja kukaa nao kabla ya Pasaka. Walimpa chumba cha Asheri. Hakuwa mtu wa kukaa bure. Wiki ya kwanza alilima kipande nyuma ya jiko, akapanda mchicha, na Alhamisi saa tano alitoka barabarani na ndoo kuyasubiri maji.

Alipoitumbukiza ndoo, maji yaligawanyika yakapita pande zote mbili, na ndoo ikabaki kavu. Akajaribu mbele zaidi. Yakagawanyika tena. Hakushangaa, alisonya tu.

"Wifi," aliita, "hebu njoo ujaribu wewe."

Evaline alitoka ndani akiwa na unga mikononi. Akachukua ndoo, akainama. Maji yakaingia yenyewe mpaka juu, na kiluwiluwi mmoja ndani yake.

"Kumbe yanakujua," alisema Elirehema.

"Yamenizoea. Hupita hapa kila wiki."

"Ndiyo hiyo. Mimi ni mgeni."

Evaline alimsaidia kujitwisha, na Elirehema akaipeleka ndoo bustanini, akamwagilia mche mmoja mmoja kwa kikombe, bila haraka. Tangu siku hiyo Evaline alimchotea kila Alhamisi.

Mchicha ulistawi. Jumapili ya Pentekoste Elirehema alipeleka fungu kubwa kanisani, sadaka ya shukrani. Alipopewa nafasi alisimama mbele ya washarika akasema kwamba yeye alinyang'anywa shamba na asiyemjua, na hana haja ya kumjua, amemwachia Mungu. Lakini Mungu huyohuyo amempa wifi ambaye ni zaidi ya dada wa tumbo moja, anayemchotea maji kwa mikono yake. Mchungaji alimwomba wifi huyo asimame ili watu wamwone.

Evaline akasimama, kule nyuma karibu na mlango. Wakampigia makofi. Ilikuwa siku ya Meza ya Bwana, na kwa kuwa kila mtu alikuwa amegeuka kumtazama hakupata jinsi ya kutoka nje. Elirehema alimfuata, akamshika mkono, wakaenda mezani pamoja.

Baada ya ibada sadaka za mazao zilinadiwa nje kama kawaida. Fungu la mchicha liligombewa na watu wawili, kisha Eliufoo akapandisha bei mpaka wengine wakacheka na kuacha, na mzee wa kanisa akamtangaza kuwa mfano wa kuigwa. Wakarudi nao nyumbani. Evaline aliupika kwa nazi na kitunguu, wakaketi watatu mezani, Eliufoo akaomba, wakala.

"Wifi," Elirehema alisema, akichovya ugali, "Alhamisi tuchote ndoo mbili. Nimeongeza tuta."

"Tutachota," alisema Evaline.

"Mungu akuzidishie."

"Amina," alisema Eliufoo, kwa sababu Evaline alikuwa amejaza mdomo.